Hayupo, Lakini Yumo

Kwa miaka kama miwili niliamini kwamba mjomba wangu aliiharibu ile kanda.

Ilikuwa TDK ya dakika 60, karatasi yake imeandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi za kulala: PINK FLOYD. Hakuna majina ya nyimbo, hakuna picha. Upande wa B ulianza na jamaa mwenye sauti ya kejeli akimkaribisha mtu sigara, gitaa linawaka nyuma yake, halafu ghafla muziki wote ukanyonywa. Ukasinyaa, ukawa mdogo kama unaotoka kwa jirani aliyefunga madirisha. Kikafuata kitu ambacho kila mtoto wa nyumba yenye redio kaseti alikijua: mtu anazungusha kitufe kutafuta stesheni. Mkwaruzo. Watu wanaongea Kizungu. Mkwaruzo. Bendi kubwa ya matarumbeta na fidla, sekunde chache tu. Mkwaruzo tena. Kisha gitaa moja la mbali, jembamba, kama limepitishwa kwenye mkebe.

Nilikuwa na miaka 12 na nilijua kanda iliyoharibika inavyokuwa. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, hapakuwa na mtu ambaye hajawahi kubonyeza kitufe chekundu kimakosa na kurekodi taarifa ya habari juu ya harusi ya watu. Nikahitimisha kwamba mjomba, huko melini alikokuwa, alibonyeza vibaya. Kila nikifika hapo napeleka mbele. Siku moja mawe ya redio yalikuwa yamechoka, na kupeleka kanda mbele kunakula mawe kuliko kuisikiliza, basi nikaiacha ijiendee. Ndipo nikasikia mtu anakohoa. Akavuta pumzi, karibu kabisa na sikio langu. Halafu gitaa la pili, nene, la humuhumu chumbani, likaingia likaanza kuongea na lile la kwenye redio.

Niligeuka kuangalia mlangoni.

Wimbo ule unaitwa Wish You Were Here, na ndio ulioipa jina albamu nzima ya Pink Floyd iliyotoka Septemba 1975. Hakuna kilichoharibika. David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi, aliutaka mwanzo uwe vile: redio inayosikika ni ya gari lake, ile bendi kubwa ni okestra ikipiga simfoni ya nne ya Tchaikovsky, na lile gitaa la pili ni kama kijana aliyejifungia chumbani na gitaa lake, anaifuata redio. Kikohozi ni cha Gilmour mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alipokisikia kwenye rekodi aliacha sigara. Haya nimeyajua ukubwani, tena kwa kuyatafuta. Wakati ule nilikuwa na kanda, mawe ya kuanika juani, na swali la nani amekaa humu chumbani.

Mjomba alikuwa mtu wa injini kwenye meli za mizigo za Wagiriki. Aliondoka kabla sijaanza shule. Postikadi zake zilifika kwa sanduku la posta la shule aliyofundisha mama: Piraeus, Rotterdam, Santos. Maneno yalikuwa yaleyale miaka yote. Mimi mzima, baridi ni kali, nawasalimu wote, laiti mngekuwapo. Kanda yenyewe ililetwa na baharia mwenzake aliyeshuka Mombasa, ndani ya mfuko wenye sabuni, suruali mbili za jinzi na saa ya bibi ambayo haikuwahi kutembea. Kwa nini alituletea muziki ule, hakuandika.

Nitaieleza albamu kwa mpangilio wa kanda, maana hivyo ndivyo nilivyoijua.

Upande wa A unaanza na kitu ambacho bado si muziki. Sauti inapanda kutoka kimya kama ukungu, na ndani yake kuna mlio wa bilauri za mvinyo zilizopakwa maji na kusuguliwa ukingoni kwa kidole. Bilauri hizo zina historia ya kuchekesha. Baada ya albamu yao The Dark Side of the Moon kuwafanya matajiri mwaka 1973, Pink Floyd waliingia studio wakiwa na wazo la kutengeneza albamu nzima kwa vifaa vya nyumbani bila ala yoyote ya muziki: mipira ya kufungia pesa, chupa, mafagio. Walihangaika kwa wiki kadhaa, wakachoka, wakaacha. Zile bilauri ndizo zilizookoka. Napenda kuwaza kwamba ufunguzi wa mojawapo ya kazi nzito kuliko zote za muziki wa roki umetokana na mradi uliokufa wa watu waliokosa la kufanya.

Juu ya ukungu huo Richard Wright anapiga kinanda, Gilmour anaingia na gitaa la pole, na dakika zinakwenda. Inakaribia dakika ya nne ndipo zinasikika noti nne. Nne tu, zinadondoka moja moja kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyo na hakika kama kuna watu. Mwimbaji hafungui kinywa mpaka imepita dakika ya nane na nusu.

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele kibarazani, aliuliza: "Hawa wanaimba au bado wanajaribu vyombo?"

Swali la haki kabisa, na nadhani ndilo swali ambalo watu wengi wanauliza kuhusu roki ya progresivu yote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Uingereza waliokulia kwenye nyimbo za dakika tatu waliamua kwamba roki inaweza kuwa ndefu na yenye sura nyingi kama simfoni. King Crimson, Yes, Genesis, Emerson, Lake & Palmer: vinanda vya kila aina, midundo ya kuhesabia vidole, hadithi za majini na wafalme. Nimejaribu kuwapenda wote. Yes walitoa albamu ya santuri mbili mwaka 1973 yenye nyimbo nne tu, kila wimbo upande mzima, nami nimeisikiliza mara tatu na mara zote tatu nimejikuta naosha vyombo. Wapo wanaosema Pink Floyd hawastahili hata kuitwa progresivu, kwa kuwa hawakuwa mafundi wa vidole kama wale. Ni kweli, hawakuwa. Nick Mason anapiga ngoma kama mtu anayetembea kwenda kazini. Wenzao walitumia urefu wa wimbo kuonyesha wanavyojua. Hawa waliutumia kukungojesha.

Na kungoja si jambo geni kwetu. Tanga ni mji wa taarabu. Nilikua kati ya watu waliojua kukaa kitako na kuacha vyombo vijibizane mpaka vitosheke ndipo mwimbaji asimame. Na kaka zangu wa dansi walijua kwamba wimbo mzuri unakuja polepole, unakupa maneno, halafu chemko mwishoni, na ukiwa kwenye sahani ndogo ya santuri unakatwa katikati ugeuze upande wa pili. Kwa hiyo wimbo wa Pink Floyd kukatwa vipande viwili haukunishangaza hata kidogo. Shine On You Crazy Diamond, huo wa noti nne, una sehemu tisa na urefu wa dakika kama 26, na umepasuliwa: nusu inafungua albamu, nusu inaifunga. Kumbe ndani ya bendi ulikuwa ugomvi. Gilmour hakutaka upasuliwe. Walikuwa na nyimbo nyingine mbili ndefu walizokwisha kuzipiga jukwaani mwaka 1974, na yeye alitaka zote ziingie kama zilivyo. Roger Waters, mpiga besi na mtunzi wa maneno, alisema hapana, tuupasue huu katikati, tuweke nyimbo mpya zinazoongea jambo lilelile. Wakapiga kura, Gilmour akashindwa. Zile mbili zilingoja mpaka 1977, zikatoka kwenye albamu ya Animals zikiwa zimebadilishwa majina.

Jambo lilelile ni lipi, hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Pink Floyd ilizaliwa London mwaka 1965 ikiongozwa na kijana mzuri wa sura kutoka Cambridge, Roger Keith Barrett, aliyejulikana kama Syd. Jina la bendi alilitunga yeye, akaunganisha majina ya wapiga bluzi wawili wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Nyimbo nyingi za albamu ya kwanza, ya 1967, ni zake. Mwaka huohuo akaanza kuponyoka. LSD, dawa ya kulevya, ilikuwamo, tena nyingi. Kilichokuwamo zaidi ya hapo kichwani mwake watu wamebishana mpaka leo. Alikuwa anasimama jukwaani mikono imening'inia, gitaa shingoni, hapigi. Gilmour, rafiki yake wa tangu Cambridge, akaitwa kumsaidia. Kwa wiki chache walikuwa watano. Halafu siku moja Januari 1968, wakiwa garini kwenda kupiga Southampton, mmoja akauliza: tumpitie Syd? Mwingine akajibu: tuachane naye. Hawakumpitia.

Hivyo tu. Hakuna kikao wala barua. Wanaume wanne ndani ya gari na kona moja ambayo hawakuikata. Nimesoma maelezo mengi kuhusu albamu hii, nami naona yote yanaanzia kwenye kona hiyo.

Syd alitoa albamu mbili peke yake mwaka 1970, kisha akanyamaza. Wenzake wakawa Pink Floyd mnaowajua. Mwanzoni mwa 1974, wakiwa kwenye chumba cha mazoezi King's Cross, Gilmour akaangukia zile noti nne bila kuzitafuta. Waters alipozisikia zilimgusa mahali, akaanza kuandika kuhusu Syd.

Januari 1975 wakaingia studio za Abbey Road, London, na kwa maelezo yao wenyewe hawakuwamo. Miili ilikuwamo. Walikuwa wamepata kila walichokuwa wakikitaka tangu wana miaka 14, na baada ya kukipata hakuna aliyejua waendelee kwa sababu gani. Ndoa ya Mason ilikuwa inavunjika. Walicheza vishale, walifyatua bunduki ya upepo, walichelewa. Waters baadaye alisema albamu ingeweza kuitwa laiti sisi tungekuwapo. Siku moja fundi mitambo aliunganisha mwangwi kimakosa kwenye ngoma zilizokwisha kurekodiwa, na ikabidi Mason azipige upya. Nikisoma hayo nakumbuka vitufe vyekundu vya nyumbani kwetu, napata faraja.

Halafu Juni. Wanachanganya Shine On. Wright anaingia studio, anamkuta mtu mnene amekaa nyuma, kichwa kimenyolewa chote, nyusi pia zimenyolewa, ameshika mfuko wa plastiki. Wright anadhani ni rafiki wa Waters. Gilmour anadhani ni mfanyakazi wa kampuni ya rekodi. Muda unapita, watu wanaendelea na kazi, mtu yule anainuka, anakaa. Mpaka mmoja anang'amua: ni Syd. Alikuwa na miaka 29. Walipomuuliza imekuwaje mpaka kunenepa hivi, akajibu kwamba ana friji kubwa nyumbani na amekuwa akila sana nyama ya nguruwe. Waters alitokwa na machozi. Wakampigia wimbo, wimbo wa kumlilia yeye, na haikuonekana kama ameelewa kwamba ni wake. Akaondoka. Baada ya siku ile karibu wote hawakumwona tena.

Picha ya siku hiyo ipo. Niliiona mara ya kwanza kwenye kompyuta ya mgahawa wa intaneti Dar es Salaam, nikaifunga haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha.

Kiingereza kina neno moja tu la kusema mtu yuko mahali. Sisi tunayo matatu, na sijaona mahali yanapofanya kazi vizuri kuliko hapa. Syd mchana ule alikuwapo, kwenye kochi, na nyama yake na mfuko wake. Waliokuwa wakimlilia walimwangalia usoni na kwa macho yao hayupo. Akili yake ilikuwako, mahali fulani, na hakuna aliyejua ni wapi. Lakini ukisikiliza zile noti nne, yumo. Ndiyo sababu nilipoanza kuelewa Kiingereza cha kutosha na kujua jina la wimbo ule wa redio, nilipata shida kulitafsiri. Laiti ungekuwapo? Ungekuwako? Ungekuwamo? Mjomba kwenye postikadi zake aliandika "mngekuwapo", maana yeye alikuwa na bandari mahususi mbele ya macho yake. Waters aliandika kuhusu mtu aliyekosekana akiwa amekaa palepale. Kwa hilo hata sisi hatuna kiambishi.

Rudi kwenye kanda. Baada ya nusu ya kwanza ya Shine On, na saksafoni ya Dick Parry inayotoka mbio kama mtoto aliyeachiwa shule, upande wa A unamalizika na Welcome to the Machine. Huu ni wimbo wa mashine inayopumua. Mngurumo ule ni sintesaiza, chombo kinachoitwa VCS 3, umepigishwa mpaka unakuwa kama kiwanda kinachokungoja nje ya dirisha. Maneno yake ni ya mtu wa kampuni anayempokea kijana mwenye gitaa na kumwambia kwamba ndoto zake zote zinajulikana, ni wao waliompa. Mwishoni mlango wa lifti unafunguka na unasikia karamu: watu wanacheka, bilauri zinagongana.

Kwenye kanda yangu karamu hiyo ilikatwa na mlio wa kitufe, kisha sauti ya mtangazaji wa Redio Tanzania, tulivu, iliyopangwa vizuri: "...mazishi yatafanyika leo saa kumi alasiri..."

Albamu ina dakika 44, kanda ina 60. Kila upande ulibakiza dakika saba mpaka tisa za kilichokuwamo kabla. Bibi na mama waliijaza kanda ile mjomba alipokuwa anaondoka: upande mmoja redio, matangazo ya vifo na salamu, ili akiwa katikati ya bahari asikie nyumbani. Kwangu mimi ule wimbo wa mashine haujawahi kuishia kwenye karamu. Unaishia kwa marehemu fulani wa Korogwe, na jamaa wote popote walipo wanaombwa wafike bila kukosa. Nikiusikia leo kwenye simu, kimya kinachofuata kinaniudhi kidogo.

Upande wa B, yule jamaa wa kejeli. Have a Cigar. Anaigiza bosi wa kampuni ya rekodi anayewamwagia sifa vijana, anawapenda kupita kiasi, halafu anawauliza yupi kati yao ni Pink. Swali hilo waliulizwa kweli. Sauti si ya mwanachama wa bendi: Waters alikuwa amechosha koo kwa Shine On, Gilmour hakutaka kuuimba, na mwimbaji Roy Harper alikuwa kwenye studio nyingine ya jengo lilelile akirekodi albamu yake, wakamwita. Waters alijuta baadaye. Mimi naona ilikuwa bahati. Albamu ya watu wasiokuwapo inampata mgeni aimbe nafasi ya bosi asiyejua anaongea na nani. Wanamuziki wetu wa dansi waliorekodi nyimbo redioni na hawakuona mrabaha wangeuelewa wimbo huo bila mkalimani.

Kuna mwingine asiyesikika. Stéphane Grappelli, mpiga fidla wa jazi wa Ufaransa, alikuwa palepale Abbey Road akirekodi na mpiga fidla mwenzake, Yehudi Menuhin. Wakamwomba apige mwishoni mwa Wish You Were Here. Akapiga, akalipwa pauni 300, halafu wakamzamisha chini ya mlio wa upepo kiasi kwamba hawakuona haja hata ya kuandika jina lake. Kwa miaka mingi watu walitega sikio kumtafuta mle kwenye upepo. Mwaka 2011 rekodi yake ikatolewa nzima, nikaisikiliza. Ni nzuri sana. Napendelea ile asimosikika.

Jalada nililiona nikiwa na miaka zaidi ya 20. Storm Thorgerson na wenzake wa Hipgnosis, wabunifu wa majalada, walichukua kauli moja, watu huogopa kuonyesha hisia wasije wakaungua, wakaifanya picha: wanaume wawili wenye suti wanapeana mikono kwenye uwanja wa studio za Warner Bros. huko Burbank, California, na mmoja anawaka moto. Moto wa kweli. Ronnie Rondell, mwigizaji wa hatari, alivaa nguo ya kuzuia moto chini ya suti na wigi juu ya kichwa. Upepo uliwageukia, moto ukamlamba usoni, masharubu yakaungua, ikabidi wabadilishane pande na picha igeuzwe baadaye. Kisha, baada ya tabu yote hiyo, wakalifunika jalada lote kwa plastiki nyeusi, usione chochote. Kampuni haikufurahi. Ndani ya santuri kulikuwa na postikadi: mtu amepiga mbizi kichwa chini kwenye ziwa Mono, miguu juu, na maji hayana hata kiwimbi.

Postikadi! Nilipojua hilo nilicheka peke yangu. Nilikuwa na boksi zima.

Baadhi ya wahakiki wa 1975 waliiona albamu imechoka, wakasema bendi imeishiwa. Hawakukosea sana, imechoka kweli, na haijifichi. Lakini ilipanda kileleni Uingereza na Marekani, na bado inanunuliwa na watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa. Najiuliza mara nyingi kwa nini hii na si zile za mafundi wa vidole. Sehemu ya jibu nadhani ni nafasi. Kati ya noti moja ya Gilmour na nyingine pana uwazi wa kutosha kumweka mtu wako mwenyewe. Hujui Cambridge, hujui Syd, haidhuru. Albamu nyingine za zama zile zimejaa kama daladala ya jioni, unaning'inia mlangoni. Hii imekuachia kiti.

Tarehe 2 Julai 2005 wanne hao, Waters, Gilmour, Wright na Mason, walisimama jukwaa moja Hyde Park, London, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 24. Ilikuwa Live 8, tamasha la kutetea Afrika isamehewe madeni. Niliiona baadaye, kwenye DVD ya kuchoma niliyonunua Kariakoo. Walipofika kwenye Wish You Were Here, Waters akasema wanaupiga kwa ajili ya wote wasiokuwapo, hasa Syd. Nikashikwa na koo. Halafu nikaanza kucheka, kwa sababu katika tamasha lile la Afrika wasanii wa Afrika walioonekana Hyde Park walikuwa wa kuhesabu. Wengi walipangiwa tamasha la pembeni, Cornwall, kilomita mia kadhaa kutoka hapo. Sijui kama kuna mtu jukwaani aliyeona kinaya hicho. Mwaka mmoja na siku tano baadaye Syd alifariki Cambridge, ana miaka 60. Alikuwa ameshaacha hata jina hilo. Majirani walimjua kama Roger, mtu wa bustani na kuchora.

Mjomba alirudi 1994. Hapa hadithi ingependeza kama tusingemtambua, na nakiri nimewahi kuisimulia hivyo kwenye meza moja ya watu waliokuwa wakinunua vinywaji. Ukweli ni kwamba bibi alimtambua kabla hajafika kibarazani, kwa kikohozi, gizani, akasema "huyo mwanangu" na akaendelea kufunika sufuria. Alikuwa amenenepa, ameota kipara, anaongea kidogo. Alikaa Tanga mpaka mwisho wake akitengeneza mashine za boti, na hakuwahi kuniambia jambo lolote la maana kuhusu Pink Floyd. "Ule ni muziki wa kwenye injini," alisema mara moja. "Injini ina kelele. Muziki mwingine hausikiki vizuri, ule unasikika."

Lakini nilimuuliza jambo moja. Nilikuwa nimeshakua, nimeanza kazi. Mwishoni mwa upande wa B, sehemu ya tisa ya Shine On inapofifia, Wright anachomeka kwa kinanda vipande vichache vya wimbo wa zamani wa Syd, See Emily Play, polepole kama mtu anayetoka chumbani bila kuamsha waliolala. Kimya. Kitufe. Kisha, kwenye kanda yetu, sauti ya bibi, imeanzia katikati ya sentensi: "...na yule kuku wako mwekundu tumemchinja siku ya maulidi, usije ukamuulizia." Anaendelea hivyo dakika kadhaa. Mvua, paa la jikoni, fulani ameolewa, kula vizuri. Kabla ya hapo palikuwa na dakika 23 nyingine za bibi akiongea, na ziko chini ya Pink Floyd.

"Mjomba," nikamwambia, "kanda zilikuwa tele huko Ulaya. Mbona ulirekodi juu ya bibi?"

Alikuwa anasafisha plagi ya injini kwa brashi ya waya. Hakuinua uso.

"Nilikuwa nikiisikiliza, silali."

Kanda ile iliota ukungu, kisha ikakatika ndani ya redio mwaka ambao bibi alifariki, na fundi aliyeifungua alinirudishia utepe ukiwa umekunjwakunjwa kwenye gazeti. Siku hizi nina albamu kwenye simu, safi, imesafishwa upya, kila bilauri inasikika ilivyosuguliwa. Usiku nikiwa peke yangu naiacha mpaka mwisho. Kinanda kinafifia, simu inanyamaza, na mimi bado nimekaa, namngoja kuku.